Pakiti Mbili za Maziwa

Watu wangu wa Naitiri, leo hapa Kitale damu yangu imeanguka mtihani.

Miaka minne napiga dawa kwa shamba la maua. Kila tukimaliza, supavaiza anatupatia pakiti ya maziwa, ati inaosha sumu. Nami nakunywa kama mtoto!

Leo nesi amesoma majibu ya damu, akaniangalia.

"Dawa ya wadudu imekuingia. Maziwa haitoi sumu, ndugu yangu. Kwani unavaa maski gani?"

Maski? Si nafunga tu leso ya mama watoto.

Nikampelekea supavaiza hayo majibu. Akasoma pole pole, akatikisa kichwa, akaingia stoo. Nikajua maski imepatikana.

Bana, ametoka na pakiti mbili.

Ziko hapa mezani. Nani anakuja chai?