Nati ya Tabibu

Juzi mwanangu aliuawa sebuleni huku akila mandazi. Nilimsikia akiguna, nikageuka, nikaona kwenye simu yule mtu wake mwenye upanga amelala kifudifudi, na watoto asiowajua hata kwa sura wanamvua ngao na viatu. "Si mbaya, Mami," akaniambia. "Nafufuka saa hii." Akafufuka kweli, kabla andazi halijaisha. Mimi nikaenda jikoni na kusimama tu na sufuria mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeikumbuka ile nati.

Kama ulikulia Kakamega, mvua yetu ya Agosti unaijua. Saa nane mawingu yanaanza kutoka upande wa msitu, saa tisa mabati yanapiga kelele hadi humsikii aliye kando yako. Asubuhi za likizo zilikuwa za kupukuchua mahindi mpaka vidole gumba vitoke malengelenge. Mvua ikianza tulikimbilia baraza ya jirani yetu mzee, ambaye sote tulimwita kukhu, bibi. Alitupa viazi vitamu na chai ya rangi, na mchezo ukaanza.

Mchezo wenyewe uliletwa na binamu yangu wa Nairobi, akatuachia dadu mbili na kitabu cha sheria kisicho na jalada. Mmoja anasimulia safari yenye majitu na mapango. Wengine kila mmoja ana mtu wake, anasema mtu huyo anafanya nini, na dadu inaamua kama atafaulu. Kaka yangu ndiye aliyesimulia. Wachezaji tulikuwa mimi, mtoto wa pasta na mjukuu wa kukhu, aliyekuwa msichana wa rika langu na rafiki yangu. Mtu wangu alikuwa mwizi. Wa rafiki yangu alikuwa tabibu, wala sikushangaa, maana alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wenye maumivu, na hospitali aliijua kuliko shule.

Kitabu kiliponyeshewa kikaharibika, tulitunga sheria zetu kutokana na tuliyoyaona nyumbani. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, ukoo huketi na kugawana nguo za marehemu: koti kwa mpwa, kofia kwa kaka mtu. Basi hata mchezoni mtu akifa tuliketi tukagawana mali yake, na mali ilikuwa vitu vya kushika, vizibo vya soda, vifungo, shanga. Lakini mtu wa mchezo aliweza kufufuka. Ilitakiwa kila aliyechukua kitu akirudishe mkekani kabla mvua haijakatika. Kikikosekana kimoja tu, kila mmoja anachukua tena chake na mfu anabaki mfu hadi mvua nyingine, na mfu haruhusiwi kusema. Anaketi anatazama wenzake wakicheza.

Siku tabibu alipouawa na jitu, mimi nilichukua mali yake bora kuliko zote, nati ya baiskeli aliyoisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Aliyeivaa kidoleni aliruhusiwa kurusha dadu mara mbili. Mvua ilipopungua wenzangu walirudisha vyao, nami nikasema nati imeniponyoka ikazama matopeni. Ilikuwa ndani ya soksi yangu. Niliipenda, na zaidi ya hapo nilikuwa nimechoka kuona yeye anahurumiwa na kila mtu, anapewa kiazi kikubwa kila siku. Najionea haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku tatu aliketi kimya amejifunika leso. Siku ya nne, Jumamosi, alivunja sheria akaninong'oneza, "Utafute vizuri. Mimi nangojanga tu."

Nikasema nitatafuta. Nilipanga kuirudisha Jumatatu, nijifanye nimeiokota njiani. Jumapili mchana maumivu yalimshika, akapelekwa hospitali kwa bodaboda, katikati ya dereva na mjomba wake, kichwa kimelala mgongoni mwa dereva. Jumanne gari lilimrudisha, limefungwa matawi mbele.

Baada ya mazishi ukoo uliketi. Kukhu aliniita mbele ya watu wote akanipa sweta ya kijani ya mjukuu wake.

"Wewe ndiye mlikuwa mnachezanga na yeye," akasema. "Aliniambia uko na kitu yake, utaleta. Ni kitu gani hiyo, mjukuu wangu?"

Nati ilikuwa ndani ya soksi wakati ule ule, inanichoma kifundo. Watu walikuwa wananitazama.

"Sijui, kukhu."

Akanipapasa kichwa. "Basi ilikuwa ni homa inaongea."

Kesho yake ilinyesha. Niliiweka nati mkekani mbele ya wenzangu, na hakuna aliyenigombeza. Mtoto wa pasta akaleta kizibo chake, kaka yangu akaleta shanga. Kila kitu cha tabibu kilikuwa pale. Tulikaa tukiitazama nafasi yake mpaka mvua ikakatika na maji yakabaki kudondoka tu kwenye mabati. Kisha kaka yangu akachukua dadu akaenda kuzitupa chooni. Mimi nikairudisha nati kwenye soksi, kwa sababu hakukuwa na wa kumpa.

Nilipokwisha kuwa mtu mzima nilienda nimweleze kukhu ukweli. Sikumkuta, alikuwa amezikwa miezi miwili kabla. Leo shamba limeuzwa, palipokuwa na baraza pana vyumba vya kupangisha, na kaburi la rafiki yangu halionekani tena. Watoto wa hapo wakati wa mvua hujifungia ndani na simu zao. Siwalaumu.

Ile juzi nilitoa nati kwenye mkebe wa sindano nikaiweka mezani. Mwanangu akaja kuongeza chai.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya rafiki yangu," nikasema, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu hivyo.

"Na mbona hujamrudishia?"

Simu yake ikalia sebuleni, wenzake wanamwita mchezoni, akakimbia bila kungoja jibu.