Bundi wa Mchana Niliyemfukuza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliwafukuzia watu tisa ndege wao kwa kupiga makofi. Nakwambia mapema usije ukayasikia kwa Mjomba Hamadi, maana yeye huongeza chumvi.

Ndiyo, nakuita mwanangu. Mimi nina miaka kumi na sita, wewe mdogo wangu tisa. Uzee ni kutangulia kukosea.

Ilikuwa Desemba. Mjomba, anayehudumia wazee kazini, alipata Jumamosi moja ya mapumziko, akanitoa kitandani mtaani kwetu Barking hadi kwenye nyasi za majimaji kando ya mto Thames. Alimtaka bundi anayewinda mchana, mgeni wa msimu wa baridi, ambaye miaka mitatu mfululizo alikuwa akimkosa. Na baridi ile! Masikio niliyahisi kama ya kuazima.

Tukawakuta wapenzi wa ndege wamesimama na darubini zao, kimya kama wanasikiliza hotuba ya Ijumaa. Mara huyo! Mbawa ndefu, uso wa duara, anaelea juu ya nyasi, anatujia sisi moja kwa moja! Mikono yangu, iliyolelewa na bibi, ikafanya ilivyofunzwa bundi akitua juu ya paa: ikapiga makofi. "Shindwa! Nenda na mkosi wako!"

Bundi akageuka, akapotea. Watu wote wakanitazama. Mjomba alikuwa bado anahangaika na kifuniko cha darubini. Hakuona hata unyoya.

"Samahani, Mjomba."

"Umemaliza, au bado kuna ubani wa kufukiza?" akasema. "Kaa hapo. Ukikohoa tu, utarudi kwa miguu."

Nikakaa, mimi ambaye hata darasani sikai. Muda wa saa mbili, bila simu, bila mzaha. Jua lilipoanza kuinama, kitu kikanipita begani bila sauti, karibu mno hata nikaona macho yake ya manjano. Ulimi nikauuma. Nikamvuta tu Mjomba mkono wa koti.

Akamwona! Mtu mzima na ndevu zake akarukaruka kwenye tope kama aliyefunga bao, na mimi pamoja naye.

Basi shika hili, mwanangu: mvumilivu hula mbivu, lakini mpiga kelele huwanyima hata wenziwe. Kabla hujafukuza kitu, tazama nani anakisubiri. Mungu akupe mzaha mwingi, na akupe na breki zake.

Jioni Mjomba alimwonyesha mama picha aliyowahi kumpiga bundi yule. Mama akaisogeza karibu na macho, akasema: "Kumbe ana uso mzuri hivi! Miaka yote tunamfukuza, hatujamtazama. Lakini mwambieni, juu ya paa langu asitue."