Kisu cha Ukili

Katika mambo ya chuma, mimi hakuna la kunishangaza. Nilianza na nyundo ya kuazima na darasa la tano ambalo sikulimaliza, na leo ukitoka Likoni ukashuka mpaka Lunga Lunga, mageti ya maana utakayoyaona kando ya barabara mengi yametoka mkononi mwangu. Vyuma vya madirisha ya mahoteli ya Diani nimevichomelea mimi. Nyumba yangu Ukunda ni ya mawe, na nyuma yake nina karakana yenye mashine ambazo hakuna hata moja niliyokopea. Kwa hivyo mtu akiniambia amefua kitu cha chuma, huwa natabasamu tu, kama mpishi anayeambiwa na mtoto kuwa amechemsha maji.

Basi Idd ndogo ya mwaka juzi tulikwenda Msambweni kwa baba mkwe. Baba mkwe ni mchinjaji. Hana duka la nyama, yeye huitwa. Harusi, hitima, akika, na Idd kubwa ndiyo usiseme, mtaa mzima humngoja yeye, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi na mnyama hateseki. Ana mabinti wawili. Mkubwa nimemwoa mimi, mdogo ameolewa na mtu wa ofisini Matuga, anayekaa Waa. Huyo ndiye mwanyumba wangu, maana sisi tuliooa ndugu ndivyo tunavyoitana. Mtu mpole, ana miwani, kucha safi. Anakaa kwenye kiti kutwa nzima, na mwisho wa mwezi mshahara unamfuata pale pale alipoketi. Sikuwahi kumfikiria sana.

Siku hiyo, tulipomaliza kula pilau, akatoa kitambaa akakikunjua, na ndani mna kisu. Hakikuwa kirefu, lakini bapa lake lilikuwa na mawimbi. Hayakuwa ya kuchora wala ya kupaka. Yalikuwa ndani ya chuma chenyewe, meusi na meupe, kama ubao wa mvule uliopigwa randa. Akasema amekifua mwenyewe nyuma ya jiko lake, siku za Jumapili, na kazi amejifunza kwenye simu. Anachukua vyuma vya aina mbili, anavipanga tabaka juu ya tabaka, anavichoma mpaka vinataka kuyeyuka, kisha anavigonga vikashikana vikawa kimoja. Anakunja, anagonga tena. Mwisho anakilaza kwenye siki, chuma kimoja kinakuwa cheusi na mwenziwe anabaki mweupe, na hapo ndipo mawimbi yanapojitokeza.

Baba mkwe akapitisha kidole gumba ubavuni mwa kile kisu, taratibu, kama anayempapasa mtoto shavu. Akasema kisu chake yeye cha kuchinjia kimeliwa na kinoo, kimebaki kama unyasi, na Idd kubwa angependa kirefu cha namna hii. Mwanyumba akasema inshallah. Mimi nikasema, baba, hiyo kazi niachie mimi, humu ndani kuna mafundi.

Mzee akatutazama wote wawili, akacheka. "Fueni nyote. Nitakachokipenda ndicho kitakachomchinja ng'ombe wa mtaa."

Kisu kikawa kinazunguka mkono kwa mkono. Kilipomfikia mke wangu akakigeuza huku na huku, akasema bila ya kuniangalia, "Kumbe mdogo wangu ndiye aliyeolewa na fundi."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Lakini ile pilau ilinikaa kifuani mpaka Ukunda.

Nataka nieleweke. Huyu bwana hajawahi kuungua. Mimi mikono yangu ukiitazama utadhani nimelala kwenye jiko. Miaka yote hii namlisha binti wa yule mzee kwa chuma, na mzee hajawahi kupapasa geti langu hata moja. Sasa anakuja mtu wa kupiga mihuri, na kijisu chake cha Jumapili, na anapapasiwa.

Kesho yake nikaanza. Nilikata springi ya lori, nikakata na msumeno mkuukuu wa kupasulia mbao, nikavipanga tabaka, nikavifunga kwa waya. Moto niliufanya wa makaa ya vifuu vya nazi, kwa sababu una joto kali na hauna moshi, na feni ya stima ikipuliza chini. Chuma kikaiva kikawa rangi ya kiini cha yai. Nikakimwagia boraksi, ule unga mweupe wa kuungia shaba, nikakiweka juu ya kipande cha reli ninachofulia, nikakigonga kama aliyetukanwa. Kikafunguka. Tabaka zikaachana moja moja kama manda za sambusa. Nikarudia, zikaachana. Wiki nzima wateja wa mageti wanakuja wananikuta nimekasirika.

Kumwuliza mwanyumba nisingeweza. Nikamtuma mke wangu amwulize mdogo wake, kwa njia ya mazungumzo tu, kama hana haja. Mke wangu akakohoa kicheko, akaniambia kama nataka kujua, barabara ya Waa ninaijua.

Nikaenda. Nikasema napita tu, nimekwenda kupima dirisha la mtu. Mwanyumba akanipokea kwa furaha, akanipeleka nyuma ya jiko lake, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuficha kitu. Nilikuja kuiba, nikakuta mlango wazi. Kila koleo lina msumari wake ukutani. Kisu cha mzee alikuwa ameshakianza, kirefu, na mawimbi yake yametulia. Akanionyesha jinsi anavyosugua kila kipande mpaka king'ae kabla ya kukipanga.

"Uchafu ndio unaokataa kushikana, mwanyumba. Hata alama ya kidole usiiache."

Nikamwambia hayo nayajua tangu yeye hajazaliwa. Pembeni nikaona debe la mafuta mapya ya kupikia, halijafunguliwa. Nikamwuliza la nini. Akasema la kukinywesha kisu, yaani kikishaiva moto kinazamishwa humo, ndipo chuma kinakuwa kigumu na makali yanakaa. Nikacheka sana. Hapo angalau nilimpata. Debe zima la mafuta ya dukani kwa kuzamisha chuma! Mimi nina watu mahotelini, nikamwambia, mafuta nitaletewa mpaka mlangoni. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nikarudi, nikasugua, vyuma vikashikana. Na vilipokubali kushikana, hapo sasa ufundi ukaonekana ni wa nani. Mawimbi nilimwachia yeye. Mimi nilifua fimbo za chuma kadhaa, kila moja nikaisokota kama kamba ingali nyekundu, kisha nikazilaza ubavu kwa ubavu na kuziunga. Kisu kilipotoka kwenye siki, bapa zima lilikuwa limesukwa kama ukili wa mkeka, mistari inapanda na kushuka bila ya kukosea. Kirefu, kimenyooka, mpini wa pembe ya ng'ombe. Nilikiweka juani nikakizunguka. Mke wangu alitoka na beseni la nguo, akasimama, akakitazama muda mrefu kuliko alivyokitazama kile kingine. Niliupima muda ule kwa jicho.

Siku ya Arafa, mkesha wa Idd kubwa, alasiri, tukafika Msambweni. Mwanyumba ameshakuja. Visu viwili vikawekwa juu ya mkeka mbele ya mzee, na sina haja ya kujisifu, mzee alikichukua changu kwanza. Alikipapasa. Alikigeuza kikashika mwanga. Akanyoa nacho vinywele vya mkono wake, akaangalia ule ukili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mashallah. Hiki kina kazi ndani yake." Akaniuliza nimekinywesha nini.

"Mafuta ya jikoni, baba. Na hata shilingi sikutoa. Nina rafiki katika hoteli moja Diani, alinijazia mtungi mzima wa mafuta waliyokwisha kukaangia."

Mkono wa mzee ukasimama. "Hoteli ya wazungu?"

"Ya wazungu hasa. Kubwa."

"Na asubuhi, mwanangu, hao wazungu hukaangiwa nini?"

Jiko lile mlango wake wa chuma nilitengeneza mimi. Nilichokuwa nikikinusa kila nikiingia nakijua, ni nyama ya nguruwe, na mwanyumba, aliyekuwa anayatazama mafundo ya mkeka, alijua vilevile tangu ile siku ya chai. Alikuwa amelimeza neno lake, na mpaka leo sijaamua kama ilikuwa heshima au vingine. Mzee alikilaza kisu juu ya majani, nje ya mkeka, kama anavyowekwa chini mtoto mwenye homa, akaagiza maji na udongo. Aliosha mikono mara saba. Mke wangu, hakuweza kunyamaza huyu, akauliza kwa sauti ya chini kama na nyundo zangu pia zioshwe kwa udongo, au tuzizike.

Akaitwa mwalimu wa madrasa, jirani yao. Akasikiliza, akasema suala hili lina maneno tangu zamani. Wako wanazuoni wanaosema kisu kikinyweshwa najisi, kukiosha nje kwatosha. Na wako wanaosema kirudishwe motoni, kisha kinyweshwe kitu safi, kwani kile cha kwanza kimeingia ndani. Mzee akasema lau ni kisu cha nyumba yake angekiosha na akashika njia. Lakini yeye huchinjia watu, na hataki hata mtu mmoja ale nyama ya Idd huku moyo unamwuliza.

Mwanyumba akanisogelea. Akasema nyumbani kwake yamebaki mafuta safi, twende Waa sasa hivi anisaidie, kabla ya magharibi tutakuwa tumemaliza. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionishinda. Nikajiona kesho watu wanakula nyama na kuambiana kwamba kisu cha yule fundi wa mageti kilitoharishwa na mwanyumba wake. Nikamwambia ahsante, nyumba yangu ina moto.

Njiani nikanunua mafuta ya nazi, yale ya kukamuliwa na akina mama, madumu mawili, na kipande kipya cha bomba pana cha kuyatilia na kuzamishia kisu. Nafika Ukunda, stima imekatika. Feni haipulizi. Mivuo ya mkono ya kupulizia moto nilikwisha kuitupa zamani, kwa kuwa mimi ni mtu wa maendeleo. Stima ilirudi asubuhi, watu wanakwenda kuswali. Niliswali, nikarudi mbio na kanzu yangu, nikawasha moto. Kukirudisha kisu motoni ni hatari, kinaweza kupinda, kinaweza kulia ti kikapasuka, na hapo umebaki na vyuma chakavu. Changu hakikupinda. Kilizama kwenye yale mafuta ya nazi, karakana nzima ikanukia kama wali, na kilipotoka kilikuwa kimenyooka kama kilivyoingia. Nani mwingine angeweza, na kanzu mwilini?

Nilipofika Msambweni, ng'ombe wa mtaa alikuwa ameshachunwa. Mbuzi wote wamemalizika. Kisu cha mwanyumba kilikuwa juu ya jani la mgomba, kimeoshwa, na wanaume wamekizunguka. Mwenyewe amekunja mikono ya kanzu, ana tone la damu kwenye miwani, na hajitambui alivyopendeza.

Nikamwambia baba mkwe, shikamoo, kisu kiko tayari, kimekunywa nazi tupu.

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu."

"Siku za kuchinja hazijaisha, baba."

"Hazijaisha," akasema. "Lakini ng'ombe wameisha."

Hawakuwa wameisha. Nilipokuwa napita nilimwona mfugaji mmoja kutoka bara kule kukavu, aliyeshusha mifugo yake kwa ajili ya sikukuu. Alikuwa amebakiwa na fahali mmoja mwekundu, mkubwa, ambaye watu walimpapasa wote na kumwacha kwa sababu ya bei. Nikaenda. Mwanyumba akanifuata. Mfugaji alitaja bei akiangalia kanzu yangu, kisha akaangalia jinsi ninavyopumua, akaiongeza. Nilikuwa nataka kupatana, wallahi, mimi si mtu wa kupunjwa. Lakini mwanyumba akaniinamia sikioni.

"Mwanyumba, huyu anakuonea. Ngoja nizungumze naye."

Nikatoa simu nikamtumia mfugaji pesa yake yote, palepale, bila ya kupunguza hata mia.

Fahali alilazwa, akaelekezwa kibla. Mwanyumba ndiye aliyeshika kamba ya miguu, sikumzuia. Mzee alisoma bismillahi, akapitisha kisu mara moja, kwenda na kurudi, na sikusikia kitu. Hakikukwama, hakikurudiwa. Nimeishi na sauti za chuma maisha yangu yote, na ile ilikuwa sauti nzuri kuliko zote, kwa kuwa haikuwapo. Mzee alikifuta, akautazama ukili wake kwa muda, akauliza ala yake iko wapi. Nikampa. Akakichomeka kiunoni. Cha mwanyumba nacho akakichukua, akakitia mfukoni mwa koti.

"Cha mwenzako kwa mbuzi," akasema. "Chako kwa ng'ombe."

Wenye akili wanajua nani mkubwa kati ya mbuzi na ng'ombe. Mke wangu alikuwa akipima mafungu ya nyama ya majirani, na nilimsikia akiwaambia wanawake wenzake kwamba fahali huyu ni wa mumewe, na kisu pia ni cha mumewe.

Jioni, tukinawa mikono, mwanyumba akaniuliza, kwa heshima tu, jumla kisu kimenigharimu kiasi gani. Nikamwambia sihesabu vitu vidogo. Lakini nilikuwa nimeshahesabu, na springi, na makaa, na madumu ya nazi, na gari la kwenda na kurudi, na fahali mwenyewe. Shilingi elfu tisini na saba, mia nne na hamsini.