Pembe Juu ya Ukingo Mweupe

Siwezi kuiacha picha bila ukingo. Nikipiga picha, hata ya sufuria jikoni, lazima niiingize kwenye kompyuta na kuizungushia mstari mweupe pande zote, unene uleule, kona zimekaa sawa. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video za watu wenye kompyuta nzuri kuliko yangu, nikizisimamisha kila walipobofya kitu. Picha isiyo na ukingo hunitia wasiwasi. Naiona kama inamwagika.

Dada yangu, ambaye tunakaa naye chumba kimoja hapa Mbeya, anasema ugonjwa huu nimetoka nao Nyololo. Shule yetu ya msingi ilikuwa kule, na kila muhula tulipaka chokaa mawe yaliyopangwa kando ya njia ya kwenda ofisi ya walimu. Mimi nilirudia hata ya wenzangu. Ole wake aliyeyakanyaga! Mpaka leo dada akinikuta nimeinamia kompyuta huuliza, "Bado unapaka mawe?"

Mwaka huu shangazi yangu wa Rujewa aliniita nikampigie picha jirani yake, mzee mfugaji ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Mzee alikuwa anamalizia nyumba, akataka picha moja ya kutundika sebuleni: yeye, mkewe, na maksai wao mwekundu aliyelima majaruba ya mpunga na kuvuta mkokoteni wa matofali. Niliwapanga mbele ya zizi. Pembe za maksai zilikuwa ndefu mno, nikarudi nyuma mpaka miiba ya ua ikanichoma mgongoni. Zikaingia, kwa shida.

Nilirudi Rujewa siku moja kabla ya sherehe ya kuhamia, picha ikiwa tayari na ukingo wake. Kabla ya kwenda kuichapisha steshenari, nikaona nimwonyeshe kwanza mwenyewe. Tuliketi barazani, kompyuta juu ya gunia la mchele. Mzee akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Nami nilikuwa nasubiri asifie ukingo.

"Mwanangu," akasema, "nani kamkata pembe?"

Ncha ya pembe ya kushoto haikuwepo. Nilikuwa nimeuchora ukingo juu ya picha, kwa ndani, ukaifunika ncha hiyo. Niliupima ukingo ule mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na sikuwahi kumtazama ng'ombe.

"Nitampiga nyingine, baba. Yuko malishoni?"

Mkewe akacheka, akaonyesha juu kwa kidevu. "Yuko pale."

Juu palikuwa na mabati mapya tu. Maksai alikuwa ameuzwa ili yanunuliwe.

Mzee hakucheka. "Kesho ndugu zangu wanakuja. Wote wanamjua kwa pembe zile. Wakimwona hivi watasema nimesimama na ng'ombe wa jirani."

Lakini wasiwasi wangu una faida moja: sifuti kamwe picha ya mwanzo. Ninayo kwenye kompyuta, kwenye simu, na kwenye flashi ninayotembea nayo mkobani. Nikaifungua. Pembe ilikuwepo nzima, ncha yake imeishia kidogo tu kabla ya mwisho wa picha. Nikauweka ukingo nje safari hii, kisha nikapunguza vyote ili viingie kwenye fremu ambayo fundi alikwisha kuitengeneza.

"Sasa umemkondesha," mzee akasema.

"Hajakonda, baba. Picha nzima ndiyo imepungua."

"Mimi na mama yako huyu tukonde tu, haina shida. Yeye hapana."

"Jisemee mwenyewe," mkewe akadakia. "Mimi sikondi kwa ajili ya ng'ombe."

"Basi niutoe ukingo?"

"Uache, unapendeza. Kama nyumba iliyopakwa rangi," mzee akasema.

Kwa hiyo maksai awe mkubwa kama mwanzo, ukingo ubaki, na pembe iwe nzima. Nilijua njia moja tu, na sikuipenda. Nikairudisha picha kwenye ukubwa wake, nikauweka ukingo juu yake, halafu nikaikuza kwenye kioo cha kompyuta mpaka pembe ikawa nene kama mkono wangu. Nikaanza kufuta weupe pale pembe ilipopita, kidogo kidogo. Nilikuwa nautoboa mstari wangu mwenyewe. Ncha ikajitokeza juu ya weupe, kana kwamba maksai ametoa kichwa nje ya picha.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ehee! Huyu sasa ndiye yeye. Hakuna zizi lililomtosha."

Tuliichapisha jioni ileile. Kesho yake, picha ikiwa ukutani, nilisimama karibu nayo nikiangalia mahali mkono wangu ulipotetereka, weupe kidogo umebaki chini ya pembe. Nilitamani kuomba niirudie. Lakini wageni waliingia, na kabla ya kukaa, mmoja baada ya mwingine alikwenda kuigusa ile ncha kwa kidole juu ya kioo. "Ndiye, ndiye," mzee alikuwa anawaambia, hata wale ambao hawajauliza. Nikatafuta kiti, nikala wali wangu.

Niliporudi Mbeya, dada aliiona picha kwenye simu. Akaisogeza karibu na macho.

"Huyu amekanyaga mawe ya chokaa," akasema.

"Mwache apite."