Chipu Isiyo na Jina

Wenzangu, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaletewa habari na Syombua wa mitumba. Mjukuu wangu Mwende hufufua mashine za gemu za zamani hapa Machakos mjini. Chipu ikifa na kiwanda hakitengenezi tena, yeye huunda kidude kidogo cha kijani, anakipanga kwa kompyuta kifanye kazi ya ile marehemu.

Ijumaa Abdi, mwana wa Halima wa mbuzi, alikuwa anafungua ukumbi wake wa gemu, na mashine yake bado iko kwetu.

"Susu, hiyo ya zamani uitupe. Mpya nitaiweka nikirudi," Mwende akaniambia mimi nyanya yake, akaenda kununua waya.

Mezani kulikuwa na vitu viwili: cheusi kikubwa chenye maandishi, na kile kijani, hakina hata jina. Mimi najua kitu kipya huja na jina la kiwanda! Nikapangusa cheusi kikang'aa, nikakisukuma mahali pake ndani ya mashine, miguu yake yote ya chuma ikaingia. Aiya, nilicheka peke yangu!

Abdi akaingia na rafiki zake Mutua, Kioko na Ndinda.

"Leo fundi ni mimi!" nikawaambia. "Washa!"

Akawasha. Kioo giza tupu. Mwende akafika, akafungua mashine, akashika kichwa.

"Susu, umerudisha maiti! Na mpya iko wapi? Nimeitengeneza wiki mbili!"

Abdi ndiye alinyoosha kidole, polepole, kwa sweta yangu, pale nilikuwa nimekidunga kile kijani kama pambo la kanisani, kwa sababu miguu yake ni ya dhahabu.