Mstari kwenye Televisheni ya Chifu

Wenzangu wa ule mchezo wa televisheni, leo tumeshikwa.

Mnajua vile nimelalamika kuhusu hiyo tenisi ya fundi Kulwant. Vijiti viwili, nukta moja, na mstari wa katikati usiosonga. Kijiti cha kushoto kinakwama kila ukikaribia kushinda! Lakini wiki tatu sijakosa foleni dukani kwake. Hata nyinyi.

Hakuna aliyeuliza televisheni ni ya nani.

Ni ya chifu. Aliileta itengenezwe, akasafiri Keringet.

Leo mchana amekuja kuichukua. Fundi akaiwasha. Msomaji wa habari akatokea, uso wake umekatwa katikati na mstari mweusi. Fundi akazungusha kila kitufe. Mstari ukabaki palepale.

Ni ule wetu. Umekaa hapo wiki tatu hadi umechoma kioo.

Mimi nilikuwa mlangoni, najifanya nachagua betri.

Chifu hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ni vijana walikuwa wanacheza, chifu. Kidogo tu."

"Vijana gani?"

Fundi akarudi kuzungusha vitufe. Lakini daftari tunaloandikia foleni lilikuwa hapo juu ya kaunta. Chifu akalifungua, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, akalitia kwapani na kuondoka. Televisheni ameiacha.

Nitukaneni tu, nimekubali. Ni mimi nilisema kila mtu aandike na jina la baba yake, ndio akina Kamau watatu wasigombanie zamu.

Na chifu anawajua baba zetu wote.