Gari Lililolala Kwetu Ziwani

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa mzito. Nalisema bila haya, kwa sababu uzito wangu ndio uliomharibu baba mgongo. Miguu yangu haikuwahi kunibeba, kwa hiyo kila asubuhi baba alinibeba mgongoni kutoka nyumbani mtaani Ziwani hadi barabarani, na mama akafuata na kiti changu cha magurudumu. Makondakta wakituona walitazama pembeni. Nilifika shuleni kipindi cha pili, siku nyingine cha tatu. Muhula wa pili ulipokwisha, mwalimu mkuu alimwita baba akamwambia wazi: likizo hii tafuteni usafiri wa kuaminika, la sivyo binti atahamishiwa shule ya bweni ya walemavu, mbali na nyumbani.

Sikutaka kwenda. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na sikuona kwa nini nimwachie mtu nafasi hiyo.

Ndiyo maana Jumamosi moja ya Agosti gari la dizeli lilisimama mbele ya mlango wetu. Lilikuwa la karani mmoja wa Buruburu, rangi ya chai yenye maziwa mengi, si kubwa si dogo, na mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Baba, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, alikuwa amejinyima miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo. Alimwita fundi wa mtaa aje alikague, na majirani wengine watano wakajialika.

Walilikagua kama wanunuzi wa mbuzi kule sokoni Kiamaiko. Waligonga milango, wakakanyaga bampa, wakapapasa meno ya tairi. Mmoja alisema linabeba watu watano, au sita wakipendana. Fundi aliinama akaisikiliza injini, kisha akainuka akitabasamu.

"Mzee, hii si gari ya familia," akamwambia baba. "Hii ni kisiagi imewekwa viti."

Wote wakaangua kicheko, maana kweli lilinguruma na kutetemeka kama ile mashine ya kusaga mahindi. Mama hakucheka. Alisema gari lililofika likiwa moto halijatuambia lolote, afadhali lilale kwetu tulione asubuhi likiwa baridi. Karani alisita kuliko nilivyotarajia, kisha akakubali, akaenda zake kwa miguu.

Halafu mama akafanya jambo ambalo wanaume wote wale hawakulikumbuka. Alinihamishia kwenye kigoda, akainua ule mlango wa nyuma, akakunja kipande cha kiti cha abiria, akakiingiza kiti changu kizima kizima bila kukifungua hata skrubu. Kikaingia, na nafasi ikabaki. Kwangu mimi ukaguzi ulikuwa umekwisha.

Jumapili kulikuwa na baridi kali. Fundi alikuja kabla ya ibada, akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari likaguna, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Akajaribu tena na tena hadi betri ikaanza kuchoka. Majirani waliokuwa wakienda kanisani wakasimama kutazama. Sasa tulijua kwa nini karani alisita: bila shaka gari lake lilikuwa likisukumwa kila asubuhi. Fundi alisema dizeli iachiwe malori, mzee amrudishie mwenyewe. Niliona mkono wa baba ukienda nyuma kusugua kiuno, nikaona uchungu hata nikashindwa kumtazama.

Mama, aliyekuwa amesimama kando ya fundi tangu mwanzo, kitambaa chake cha kanisani kichwani, akasogea.

"Fundi, hebu niachie hapo kidogo."

Hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Mama aliketi, akazungusha ufunguo nusu tu, akatulia. Kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya manjano yenye mchoro wa waya uliojiviringa. Fundi akamhimiza azungushe. Mama akainua kiganja kumzuia.

Babu, baba yake mama, alikuwa na kisiagi cha dizeli huko magharibi. Asubuhi za baridi alichoma utambi wa karatasi, akaupachika kwenye kichwa cha injini, akakunja mikono akingoja joto liingie. Mama alikulia hapo. Alikuwa ameiona ile taa ikiwaka kila mara fundi aliposhika ufunguo, na kila mara fundi akaipita mbio, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa ametengeneza magari ya petroli.

Taa ikazimika. Mama akamalizia kuzungusha. Gari likakohoa mara moja, likanguruma mtaa mzima ukasikia.

"Inataka kupashwa moto kwanza," mama akasema. "Ni kisiagi kweli. Na kisiagi mimi nakijua."

Nilijivuna sana. Fundi, nampa haki yake, alivua kofia akamwomba amwonyeshe tena.

Karani aliporudi alasiri, kabla ya lolote kutiwa sahihi, mama alimwonyesha ile taa. Nilimkasirikia sana mama. Nilijua sasa mtu huyu ataondoka na gari lake zima, nami nitapanda basi la kwenda bweni. Karani alijaribu mwenyewe, likawaka. Akacheka, akasema mkewe amelisukuma miaka miwili na tafadhali asije akaambiwa. Akatoka, akatia sahihi vilevile, akampa mama ufunguo. Baba, aliyekuwa amenyoosha mkono kuupokea, akaurudisha mkono wake.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, mwalimu mkuu alinikuta langoni, nikiwa tayari kwenye kiti changu. Alilitazama gari likiondoka, akaniuliza dereva ni nani na kama ni mtu wa kutegemewa.

"Baba ndiye anayeliendesha," nikamjibu. "Lakini mama ndiye anayeliwasha."

Alitazama saa yake. Kengele ya kwanza ilikuwa bado haijalia.